Kahawa za Prosper Huchanua Mwaka Mzima

Jumapili alasiri, Gitega. Mvua imekatika, mabati bado yanadondosha.

...na bado sijamaliza kumsifu. Juzi niliandika hapa kwamba mume wangu anachora kwa vimraba, umeme ukakatika, nikabaki na maneno mdomoni. Basi naendelea palepale, maana tangu juzi limetokea jambo, na nikiliacha bila kuliandika nitapasuka.

Vimraba hivyo vinaitwa pikseli. Ukiisogelea kompyuta yake huoni kitu, ni kama paa lililoezekwa kwa vigae vya rangi. Ukirudi nyuma mpaka mlangoni, pale kwenye vigae anasimama mbuzi. Mbuzi mwenye kiburi, anakutazama kama umemkanyagia majani yake. Nimeolewa mwezi wa pili, huu ni wa nne, na mpaka leo hurudi nyuma mpaka mlangoni ili nimwone mbuzi akitokea, kisha nacheka peke yangu.

Prosper anauliza nacheka nini. Namjibu kwamba nacheka kwa sababu nimeolewa.

Mchana mume wangu anafanya kazi kwenye duka la fotokopi karibu na soko. Akirudi, ananawa mikono, anakaa kwenye meza yetu ya kulia chakula, ambayo pia ni meza yake ya kazi, na anaanza. Kuna watu wanaotengeneza michezo ya simu, nao humwagiza awachoree miti, nyumba, kuku, mawingu. Ananiambia aliyapenda mambo haya akiwa mdogo kule Gishubi, alipoiona simu ya mwalimu wake ina mchezo wa nyoka aliyeundwa kwa nukta nyeusi. Wenzake walitaka kucheza. Yeye alitaka kujua nani alimpanga yule nyoka.

Vifaa vyake ni vichache mpaka unaona haya kuvitaja. Kompyuta kuukuu ambayo herufi mbili zimeng'oka. Kipanya ambacho waya wake amefunga kwa uzi wangu wa kushonea. Programu ya bure. Na daftari la hesabu, lile lenye vyumba vidogo tulilotumia shuleni kujifunza kujumlisha. Anaanza kwenye daftari kila mara, kwa penseli, chumba kimoja baada ya kingine, kwa sababu daftari halihitaji umeme. Umeme ukirudi ndipo anahamishia kwenye kioo cha kompyuta.

Nilidhani kuchora ni kuongeza. Kumbe kazi yake kubwa ni kuondoa. Anaweka kivuli kwanza, halafu mwanga, halafu anaanza kufuta. Anafuta mpaka naogopa. Sikio la mbuzi lilikuwa vimraba vingi, akavipunguza, akavipunguza, akabakiza vitatu, na vile vitatu vikawa sikio kuliko lile la kwanza. Siku moja alisogeza kimraba kimoja tu cha jicho, upande mmoja, na mbuzi mwenye kiburi akawa mbuzi mwenye huzuni. Nilimwomba arudishe haraka. Sikuweza kumvumilia mbuzi yule akihuzunika.

Kimraba kimoja! Nilikaa nikayatazama macho yangu kwenye kioo cha ukutani.

Rangi pia hazidi nane. Anazipanga mstari mmoja kutoka ya giza kabisa hadi ya mwanga kabisa, na ameziita majina ambayo sijawahi kuyasikia kwa mtu mwingine: usiku, moshi, udongo wa mvua, tofali, majani makavu, mtama, unga, maziwa. Mara ya kwanza nilipomsikia akijisemea "hapa moshi, hapa mtama," niliona nimeolewa na mshairi. Nilimwandikia dada yangu ujumbe mrefu kuhusu hilo. Dada akajibu, "Pika, mume ana njaa."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Wiki chache baada ya harusi tulikwenda kwetu Buhinyuza, mkoa wa Muyinga, kumsalimia mama. Mama yangu anasuka mikeka ya mafunjo. Sisi tulikulia Tanzania kabla ya kurudi Burundi, na huko ndiko mama alikoanza kusuka, kwa sababu mikono yake haiwezi kukaa tu. Vipande vingine vya mafunjo anavilaza kwenye tope la bondeni mpaka viwe vyeusi, vingine anaviacha na rangi yake ya majani makavu, na kwa rangi hizo mbili tu anatengeneza milima, mishale, macho, njia za siafu.

Prosper alipokaribishwa kuketi, hakuketi. Alipiga magoti mbele ya mkeka. Alipitisha kidole juu ya kila kipande, cheusi, cheupe, cheusi, cheupe, na midomo yake ilikuwa ikihesabu. Wajomba walitazamana. Mama alijikaza asicheke, maana mkwe mpya hachekwi.

"Mabukwe," alisema Prosper, ndivyo wanavyomwita mama mkwe kwa Kirundi, "hii ni kazi yangu mimi, lakini we umenitangulia."

Mama alishindwa, akacheka. Tangu siku hiyo Prosper ni wake kabisa. Alimwomba amchoree mlima wetu, nyumba na kahawa yake, auweke ukutani. Na kabla hatujaondoka akamwambia lile neno ambalo kwetu kila mkwe huambiwa: kahawa ikiiva, uje.

Ni desturi ya mlima wetu. Mwaka binti anapoolewa, mkwe ndiye anayejaza kikapu cha kwanza cha buni. Majirani wanakuja kutazama, kikapu kinamwagwa kwenye jamvi, buni zinaonekana zote, na mama mkwe anatoa togwa. Ni furaha tu. Hakuna anayekosea. Mtoto wa darasa la pili anajua kuchuma nyekundu na kuacha za kijani.

Prosper alitabasamu, akasema sawa mabukwe. Lakini mkono wake, uliokuwa umeshika wangu, uliingia baridi.

Tuliporudi Gitega alianza kuuchora mlima wa mama, na jamani, sijui niseme nini. Ukungu wa asubuhi aliuweka kwa "unga" na "maziwa". Paa la mama. Ile miparachichi mitatu. Kahawa mstari baada ya mstari zikishuka bondeni, na kila mti umejaa maua meupe kama theluji ya kwenye kalenda. Nilisimama mlangoni nikalia kidogo. Nilimwambia ni mlima wangu kweli, ila mama alitaka kahawa iliyoiva. Akasema maua ni mazuri zaidi.

Niliamini. Nikaona ni mapenzi hayo, mwanamume anayependa maua.

Mwezi wa tatu ukaisha. Mama akapiga simu kwamba buni zinaanza kuiva. Prosper akasema kuna kazi ya haraka. Mama akapiga tena. Prosper akasema barabara ina matope. Safari ya tatu mama hakumwomba Prosper, alizungumza na mimi, kwa sauti ile ya upole inayoniogopesha kuliko ukali.

"Mwambie mkwe wangu buni hazijui kusubiri. Na majirani wanaanza kuniuliza kama nimemkosea."

Nilimfikishia. Prosper akaendelea kusogeza kipanya chake, akasema niende peke yangu, nimwambie mama kwamba mkwe wake ana homa. Mume wangu hana homa. Mume wangu hajawahi kuniambia niseme uongo.

Nilijiuliza kama anawaona watu wa kwetu ni washamba. Nilijiuliza kama mama hatamsamehe. Ukikataa kikapu cha kwanza, umeikataa nyumba, ndivyo watakavyosema, na mimi nitakuwa binti wa nyumba iliyokataliwa. Naandika hili kwa sababu shajara haina faida kama naandika raha tu.

Jana asubuhi Prosper alikwenda sokoni, akarudi na nyanya. Aliziweka mezani mbele yangu kwa fahari ya mume mpya. Zilikuwa za kijani, ngumu kama mawe. Si mara ya kwanza. Mara zilizopita nilizifunika kwenye unga ziive polepole, nikajiambia wauzaji wanamwonea kwa sababu ana uso mzuri.

Lakini jana kompyuta ilikuwa imewashwa nyuma yake, na mlima wa mama ulikuwa umejaa kioo kizima. Nikatazama nyanya. Nikatazama mlima. Nikafungua picha zake nyingine zote, moja baada ya nyingine, hata zile alizozichora kabla hajanijua. Kahawa ya Gishubi, maua. Kahawa ya mchezo wa simu, maua. Kahawa kwenye kadi yetu ya harusi, maua, maua, maua.

Hakuna buni hata moja iliyoiva katika maisha yake yote.

Na zile rangi nane. Usiku, moshi, mtama. Hakuna nyekundu. Hakuna kijani. Hajawahi kutamka majina hayo mbele yangu, hata siku aliposifu gauni langu.

Nilichukua nyanya moja ya kijani, na nyingine mbivu iliyobaki kwenye kapu la juzi, nikaziweka pamoja kwenye kiganja changu. Nikamuuliza taratibu, bila kumtazama sana, ni ipi iliyoiva.

Alinyoosha mkono, akaziminya zote mbili kwa kidole gumba. "Hii," akasema, na alikuwa sahihi.

"Bila kuishika, Prosper."

Akakaa chini.

"Mi naonaka zote ni moja tu, sheri," alisema, kwa lile neno lake la kuniita mpenzi. "Nyanya, buni, majani yake. Yote iko sawasawa."

Kisha akanisimulia, na sijawahi kumsikia akiongea kwa muda mrefu hivyo. Kule Gishubi baba yake naye alikuwa na kahawa. Watoto wote walichuma. Kikapu cha Prosper kikimwagwa, nusu ni mbichi. Baba alidhani ni uvivu, kwamba anakumba tawi zima ili awahi kwenda kucheza. Akamchapa. Akamtolea zile mbichi moja moja mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kupimiwa buni zao, huku wakicheka, na kaka zake wakampa jina, Bwana Mabichi. Lilimfuata mpaka shule ya sekondari. Hakuwahi kumwambia baba kwamba haoni tofauti, kwa sababu hakujua kuna tofauti ya kuonwa. Alidhani wenzake wana akili ya kukumbuka ni ipi imeiva. Alikuja kuelewa akiwa mkubwa, siku mteja mmoja wa fotokopi alipolalamika kuhusu rangi ya tangazo, na mwenye duka akamweleza kwamba wapo watu wanaozaliwa na macho ya namna hiyo.

"Sasa mabukwe atamwaga kikapu yangu mbele ya watu," akasema. "Na we utakuwa pale, unatazama."

Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Hakuwa anawakimbia watu wa kwetu. Alikuwa ananikimbia mimi nisimwone.

Nilimkumbatia palepale, na nyanya zangu mkononi. Haikuwa kwa kumhurumia, naomba nieleweke. Nilikuwa nimeshangaa. Nilikuwa nikiufikiria mlima ule kwenye kioo, ukungu wake, kivuli chini ya kila mti, jua linalogusa ncha ya paa tu. Mtu ambaye nusu ya rangi za dunia zimefungwa kwake ndiye aliyeutengeneza mlima wangu mpaka nikalia. Sisi wengine tumepewa rangi zote na hatuoni kitu. Yeye amenyimwa, akajifunza mwanga. Anajua ni kitu gani kina mwanga zaidi ya kingine, na kwa kiasi gani, kama ulimi unavyojua chumvi. Ndiyo maana alipiga magoti mbele ya mkeka wa mama. Ni picha ya kwanza aliyoiona maishani ambayo yeye na aliyeitengeneza waliiona sawasawa.

Nilimuuliza kama naweza kumwambia mama. Alifikiri sana. Akasema niseme, lakini yeye atakaa nje.

Alikaa kwenye ngazi, mvua ikimnyeshea viatu. Nilimpigia mama nikamweleza yote, nyanya, Bwana Mabichi, maua. Mama hakunikatiza.

"Ni hilo tu?" akauliza.

"Ni hilo, mama."

"Mimi nilimpa binti yangu mtu, sikumpa macho. Na wewe unayeona vizuri, mbona mwaka jana ulinijazia majani kwenye kikapu?"

Nilicheka mpaka machozi. Nikamwambia Prosper anaogopa siku ya majirani. Mama akasema yeye mwenyewe husuka bila kutazama, vidole ndivyo vinavyojua, na kwamba mkwe anayechuma kwa vidole atakuwa wa kwanza mlimani na majirani waje watazame vizuri wajifunze. Halafu akasema mti mmoja unatosha watu wawili. Mimi nitashika tawi upande huu, yeye upande ule. Hakuna aliyesema kikapu cha kwanza ni cha mkono mmoja.

Nilitoka nje nikamweleza neno kwa neno. Aliingia ndani, akavua viatu vilivyolowa, akaketi mezani, akasogeza kiti chake pembeni kidogo ili na mimi nienee. Akanipa kipanya.

Akanipa kipanya! Hajawahi kumpa mtu.

"Weka buni moja," akasema. "Ile iko imeiva kabisa, kama kule kwenu."

Nilitafuta nyekundu kwenye ile duara ya rangi, nikachagua ya kahawa ya kwetu, ile inayokaribia damu ya mzee, nikabonyeza mti wa mbele, karibu na mlango wa mama. Kimraba kimoja. Nikakimbia mpaka mlangoni kutazama.

Mlima mzima uliiva. Sijui nieleze vipi. Palikuwa na maua tu, na sasa kwa sababu ya kimraba kimoja niliisikia harufu ya mavuno, nikamsikia mama akiita watu.

Prosper alikuwa amekaza macho kwenye kioo. "Iko wapi?"

Nilirudi nikaweka kidole pale. Alitazama kidole changu, akatazama tena, akatikisa kichwa. Kwake nilikuwa nimebonyeza jani juu ya jani.

Hapo nilitaka kulia, lakini yeye hakuwa na huzuni hata kidogo. Alikuwa na ule uso wake wa kazi. Akaninyang'anya kipanya, akaondoa rangi zote kwenye picha mpaka ikabaki ya kijivu kama picha ya zamani, na kweli, buni yangu ikapotea hata kwangu. Ikawa sawa na jani. Nilishangaa sana. Kumbe ndivyo anavyoishi. Kisha akaanza kuiongezea mwanga ile nyekundu, polepole, akiniuliza kila mara kama bado ni buni. Bado. Bado. Hapana, sasa imekuwa waridi, rudi nyuma. Hapo. Akaweka na kimraba cha "maziwa" kwenye kona yake ya juu, kama jua limeigusa, na kivuli cha "usiku" chini yake.

Akarudi nyuma mpaka mlangoni. Mahali pangu. Akasimama.

"Naiona," akasema.

Mimi naiona ni nyekundu. Yeye anaiona ni taa ndogo kati ya majani. Ni kimraba kilekile. Rangi hiyo aliiongeza kwenye mstari wake, ya tisa, na aliponiuliza tuiiteje nikasema Esta, kwa mzaha, kwa sababu ndilo jina langu. Ameiandika hivyohivyo. Usiku, moshi, udongo wa mvua, tofali, majani makavu, Esta, mtama, unga, maziwa.

Leo baada ya kanisa amejaza mlima. Ameondoa maua yote, mti kwa mti, na mimi nikikaa pembeni nikimwambia hapa zimeiva, hapa bado kidogo. Amefuta kuliko alivyoongeza, kama kawaida yake. Nimemenya viazi hapohapo mezani ili nisipitwe. Kesho dukani ataichapa picha kwenye karatasi kubwa.

Kisha amechukua simu yangu mwenyewe, bila kuombwa, akampigia mama. Nimemsikia akisalimia kwa heshima zote, akauliza mvua, akauliza mbuzi, akauliza magoti yake. Halafu akanishika mkono. Safari hii mkono wake ulikuwa na joto.

"Mabukwe," akasema, "tunakuja mbele mwezi haijaisha. Mi na Esta, mti moja. Tuwekee kikapu, ile kubwa."